Huyu Anasema na Nani?

Mwaka uliopita nilialikwa katika mahafali ya shule moja ya sekondari iliyo karibu na bahari, nami nikaketi chini ya turubai, safu ya nne, baina ya mzee mmoja mwenye kofia ya viua aliyekuja kumshuhudia mjukuu wake, na mama mmoja aliyekuwa akimpepea mwanawe kwa karatasi ya ratiba. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Wahitimu, ambao walikaa nje ya kivuli kwa kuwa turubai halikuwatosha, walikuwa wamekwisha kuimba, kughani ngonjera na kusoma risala yao; risala isiyozidi ukurasa mmoja, iliyosomwa na msichana mwembamba kwa sauti iliyoanza kwa kutetemeka na kuishia kwa uthabiti, na ambayo katika haja zake zote ilikazia moja: kwamba shule haina tangi la maji, na kwamba wasichana hulazimika kwenda kisimani na ndoo saa za masomo. Baada ya hapo akasimama mgeni rasmi.

Alianza kwa itifaki. Aliwataja waheshimiwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akarudi nyuma kumtaja aliyemsahau, akaomba radhi, akamtaja tena, na alipokwisha kuwataja wote, akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Kisha akafunua jalada, akasoma. Alisoma habari za mikakati na changamoto, za fursa na utandawazi, na wakati wote uso wake ulielekea upande mmoja tu, aliposimama kijana mwenye kamera. Kijana alipohamia kushoto, hotuba nayo ilihamia kushoto. Alipopiga goti ili apate picha nzuri, msemaji alinyanyua kidevu. Zilipotimia dakika 40 hivi, kijana akazima mtambo wake, akakunja miguu mitatu ya kamera, akaondoka zake. Na papo hapo sauti ya mgeni rasmi ikashuka, na kurasa zikaanza kufunuliwa mbili mbili.

Yule mzee akaniinamia, akaninong'oneza: "Mwanangu, hebu nifahamishe. Huyu bwana anasema na nani?"

"Anasema nasi, mzee wangu," nikamjibu kwa adabu.

"Nasi?" akasema. "Mimi nipo hapa tangu saa tatu, na sijamwona akinitazama."

Nimelichukua swali la mzee yule nikaja nalo nyumbani, na kila nilipolitafakari nimeona kwamba ndilo swali lililozaa mojawapo ya maneno mashuhuri ambayo wasemao Kiingereza huyatumia kuzitweza hotuba za kuchosha. Neno lenyewe ni bunkum. Mtu akinena kwa kishindo pasipo maana, akirefusha kauli kwa ajili ya kuonekana tu, wao husema kwamba anaisemea Buncombe, na maneno yake huyaita bunkum. Asikiaye neno hilo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ni mlio tu wa dhihaka, mfano wa debe tupu linalobingirika juu ya mawe, lakini sivyo. Ni jina la mahali, na kabla ya kuwa jina la mahali lilikuwa jina la mtu.

Buncombe ni wilaya iliyo katika milima ya magharibi ya jimbo la North Carolina, huko Marekani, na mji wake mkuu ni Asheville. Katika mwaka 1820 wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya eneo lililowakilishwa katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington na Felix Walker, mtu aliyezaliwa mwaka 1753, ambaye alikuwa mtu wa misituni kabla ya kuwa mtu wa mimbarini: mwaka 1775 alikuwamo katika msafara wa Daniel Boone uliokuwa ukikata njia ya kuingilia Kentucky, akashambuliwa humo na kujeruhiwa vibaya, akapona. Aliingia barazani mwaka 1817 na kukaa humo hadi mwaka 1823. Pengine ulimwengu usingalikuwa na haja ya kumkumbuka, kama si siku moja ya mwezi wa Februari, 1820.

Siku hizo baraza lilikuwa limeshughulika na suala la Missouri. Missouri ilitaka kuingizwa katika muungano wa majimbo, na ikhtilafu kubwa ikazuka: je, iingie pamoja na utumwa, au utumwa uachwe mlangoni? Mjadala ulikuwa umeendelea kwa majuma kadha wa kadha, hoja zikasemwa na kurudiwa, hata wabunge wakachoka, wakawa wanapiga makelele ya kutaka kura ipigwe. Wakati huo ndipo aliposimama mzee Walker kutaka kuhutubu. Wenzake wakamsihi aketi. Akakataa. Akawaambia kwamba watu wa kwao walimtarajia aseme, na kwamba hana budi kutoa hotuba kwa ajili ya Buncombe. Wapo wasimulizi wanaosema kwamba aliwapa ruhusa waliotaka kutoka watoke, maana maneno yale hayakuwa yao. Na wapo wasemao kwamba makelele yalimzidi asiweze kuendelea. Lakini hotuba ilikuja kuchapishwa gazetini, ili iwafikie wale aliokusudia wafikiwe nayo, na kutoka siku ile wabunge wa Washington wakapata istilahi mpya ya kuchekea.

Na hapa pana ajabu ya kustaajabiwa. Hotuba iliyopata umaarufu kuliko zote kwa kuchosha huenda ni hotuba ambayo ukumbini haikusikiwa. Wala haikuhitaji kusikiwa humo, kwani wasikilizaji wake walikuwa mbali milimani, na watu waliokaa mbele ya msemaji walikuwa kama viti na mapazia: vitu vya lazima ili pawe na ukumbi, lakini si vitu vya kusemezwa. Walker alikuwa na fadhila moja ambayo wengi waliomfuata hawakuwa nayo: aliungama. Alisema kwa kinywa chake mwenyewe jambo ambalo wengine hulificha chini ya salamu na vyeo.

Neno likasafiri. Tahajia yake ikapunguzwa, jina la Buncombe likawa bunkum, na mwanzoni mwa karne ya ishirini bunkum ikakatwa mkia ikawa bunk. Mwaka 1916 mtengenezaji wa magari Henry Ford aliliambia gazeti la Chicago Tribune kwamba historia, kwa kiasi fulani, ni bunk, na kauli hiyo ikamfuata katika muda wote wa aushi yake. Mwaka 1923 mwandishi William E. Woodward akatoa riwaya iliyokuwa na jina hilohilo, na ndani yake akaunda kitenzi, debunk, chenye maana ya kuuondoa upuuzi katika jambo ili ukweli wake ubaki peupe. Hivyo basi kila mtu anayesema leo, kwa Kiingereza, kwamba uvumi fulani umeumbuliwa, analitaja pasipo kujua jina la Kanali Edward Buncombe, ambaye kwa heshima yake wilaya ile ilipewa jina.

Kanali huyo alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Saint Kitts, akahamia North Carolina, akapigana upande wa Wamarekani katika vita vya kujikomboa na utawala wa Uingereza, akajeruhiwa na kutekwa katika mapigano ya Germantown mwaka 1777, na mwaka uliofuata akafariki Philadelphia hali ya kuwa mateka. Husimuliwa kwamba nyumba yake ilisifika kwa ukarimu, na kwamba langoni pake paliandikwa maneno ya kumkaribisha kila apitaye. Dunia ina kinaya chake: jina la mtu aliyemfungulia kila mgeni mlango limekuwa jina la hotuba isiyomkaribisha hata mmoja wa waliohudhuria.

Watu wengi, wanapolalamika juu ya hotuba mbaya, hulalamikia urefu. Hutazama saa zao, huhesabu kurasa zilizosalia mkononi mwa msemaji, na hudhani kwamba lau hotuba ingalikuwa nusu yake, ingalikuwa njema maradufu. Mimi siafiki. Tarehe 19 Novemba 1863, katika mji wa Gettysburg, yalizinduliwa makaburi ya askari waliouawa katika mapigano ya mwezi wa Julai mwaka ule, na msemaji mkuu wa siku hiyo alikuwa Edward Everett, aliyenena kwa muda wa saa mbili, maneno zaidi ya 13,000. Kisha akasimama Rais Abraham Lincoln, akasema maneno kama 270 katika muda wa dakika chache, akaketi. Desturi ya waandishi ni kumcheka Everett kwa kisa hiki na kumsifu Lincoln. Lincoln anastahili sifa zake, na Everett mwenyewe alimpa, kwani kesho yake alimwandikia barua ya kukiri kwamba angefurahi kama angalikikaribia kiini cha jambo kwa saa mbili kadiri Rais alivyokikaribia kwa dakika mbili. Lakini kumweka Everett katika kundi la akina Walker ni kumdhulumu. Mtu yule alifika mapema akavizungukia viwanja vya vita, akajifunza habari za siku tatu zile, akazihifadhi kichwani, na alipopanda jukwaani aliwasimulia watu waliosimama mbele yake mambo yaliyotokea juu ya vilima vilevile walivyokuwa wakivitazama, na waliokufa humo walikuwa ndugu zao. Saa mbili zake zilikuwa za watu wale. Zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa zao.

Hotuba huchosha pale anayesemezwa asipokuwapo. Na kwa kipimo hiki hotuba ya dakika tano huweza kuwa ndefu mno, kwa kuwa kukaa dakika tano mbele ya mtu anayekupitisha macho kama upepo upitavyo dirishani ni adhabu. Ilhali masimulizi ya bibi yaendayo hadi usiku wa manane hayamsinzishi mtoto mpaka usingizi wenyewe umshinde, na asubuhi huamka akiuliza yalipoishia.

Ningeweza kukoma hapa, kama bunkum ingekuwa ni jambo la kuchekesha tu. Lakini turejee kwenye ukumbi ule wa 1820, tukaulize ni jambo gani lililokuwa likijadiliwa mzee Walker aliposimama. Lilikuwa ni suala la uhuru wa binadamu. Wabunge wale walikuwa wakipima iwapo watu weusi katika nchi ya Missouri, na watoto wao ambao hawajazaliwa, wawe mali ya watu wengine au wasiwe. Na miongoni mwa waliokaa humo hapakuwa hata mmoja aliyezungumzwa habari zake. Hatimaye yakafanyika mapatano: Maine ikaingia bila utumwa, Missouri ikaingia nao, na mstari ukachorwa katika ramani. Katika kisa kizima hiki kikubwa, lililoshika midomoni mwa watu ni kicheko juu ya mbunge mzee. Watumwa wa Missouri hawakuachiwa hata neno.

Wala haikuwa mara ya mwisho. Tarehe 28 Agosti 1957, Seneta Strom Thurmond wa South Carolina alisimama katika Seneti kuupinga mswada wa haki za raia, uliokusudia kulinda haki ya Wamarekani weusi ya kupiga kura, na akasema kwa muda wa saa 24 na dakika 18. Alisoma nini muda wote huo? Alisoma, pamoja na mengine, sheria za uchaguzi za majimbo, moja baada ya nyingine. Seneti ile haikuwa na seneta mweusi hata mmoja. Hakutazamia kumgeuza mwenziwe yeyote kwa ufasaha wa hoja. Wenziwe wengi hawakuwapo ukumbini. Alisema na saa ya ukutani, na nyuma ya saa alisema na wapiga kura wa kwao, ambao alitaka wajue kwamba mtu wao amesimama. Alipoketi, kura ikapigwa, mswada ukapita kwa kura 60 dhidi ya 15. Kutoka kwa Walker hadi kwa Thurmond ni miaka 137, na Buncombe ilikuwa bado inahutubiwa. Tofauti ni kwamba mzee wa kwanza aliwachosha wenzake kwa ghururi ya kutaka kusikiwa nyumbani, na huyu wa pili aliufanya uchovu wenyewe kuwa silaha. Kwa hiyo tusiyapuuze maneno ya kuchosha kana kwamba hayana madhara. Mwenye kelele hana neno, walisema wahenga, nao walisema kweli. Lakini asiye na neno huweza kuishikilia nafasi ya mwenye nalo hadi jua lichwe.

Pana mtu atakayeniuliza: je, mbunge asiwasemee watu wake? Hakuchaguliwa kwa hilo? Naam, alichaguliwa kwa hilo, nami simlaumu Walker kwa kuwakumbuka watu wa milimani. Namlaumu kwa kuwa, kwa kadiri ya kauli yake mwenyewe, haja yake ilikuwa wajue kwamba amesema. Lugha yetu imeyapambanua mambo haya kwa usahihi unaonipa furaha kila niufikiriapo. Tunacho kitenzi kusema, ambacho kila mwenye ulimi hukiweza. Tunacho kusemea, yaani kumtolea mtu maneno ambaye hana nafasi ya kuyatoa. Lakini tunacho pia kujisemea, na mara nyingi aliyetumwa kusemea hurudi akiwa amejisemea. Tunacho kusemeza, ambako hakuwezekani ila kwa mtu uliyemwelekea. Na juu ya hivyo vyote tunacho kusemezana, ambamo mmoja hawezi kuwa peke yake, kwa sababu silabi ile ndogo ya mwisho inamdai mwenziwe. Hotuba njema, hata ikiwa msemaji ni mmoja na wengine wamenyamaza, ina kusemezana ndani yake: msikilizaji hujibu kwa macho, kwa kuguna, kwa kicheko, na msemaji huyaona majibu hayo na kuyafuata. Hotuba ya Buncombe haivuki kusema.

Tena tukumbuke asili ya neno tunalolitumia. Hotuba na khutba zimetoka katika shina moja la Kiarabu, ila ndugu mmoja ameingia barazani na mwingine amebaki msikitini. Na wenye kuifuata sunna wanajua kwamba katika mafunzo ya Mtume, khatibu kufupisha khutba yake na kurefusha sala kumehesabiwa kuwa ni dalili ya fahamu. Khatibu wa Ijumaa anajua anasema na nani: na fundi aliyeacha kazi yake, na mchuuzi aliyefunika kapu lake. Laiti ndugu aliyeingia barazani angekumbuka malezi ya nyumbani kwao!

Sisi hatuna neno moja kama bunkum, lakini tuna semi mbili ambazo wasemaji wenyewe wametupa bila ya kukusudia. Ya kwanza ni ile ya kwamba itifaki imezingatiwa, ambayo kwa asili ilikuwa rehema, maana ilimruhusu msemaji kuwaruka wakubwa wote kwa maneno mawili, na sasa imekuwa muhuri unaogongwa baada ya wakubwa wote kutajwa. Ya pili ni "kwa hayo machache." Sijapata kusikia mtu aliyesema machache akiitamka, kwani aliyesema machache hana haja ya kuyahesabu. Siku tutakapoamua kuwa na neno letu la hotuba za kuchosha, nadhani tutaziita za hayo-machache, na kila mtu ataelewa.

Haja yangu kwa wanaoalikwa kuhutubu ni nyepesi kutimizwa. Wanapoletewa mwaliko, waombe risala siku moja kabla, waisome, na neno lao la kwanza baada ya salamu liwe jibu la jambo la kwanza lililoombwa, hata kama jibu lenyewe ni kwamba haliwezekani. Hapana hadhira inayosinzia inapojibiwa. Na yaliyobaki katika jalada, yaliyoandikwa kwa ajili ya gazeti, yapelekwe gazetini, kama alivyofanya Walker. Huko yatawakuta wasomaji walioketi vivulini kwa hiari yao.

Mgeni rasmi wetu alimaliza. Alisema, kwa hayo machache, anawatakia kila la kheri, na makofi yakapigwa kwa nguvu ambayo pengine aliichukua kuwa ni sifa. Viti vikaanza kukokotwa. Yule msichana aliyesoma risala akaja mpaka pale tulipokuwa, akambusu mkono mzee wangu wa kofia ya viua, na hapo ndipo nilipojua kwamba ndiye mjukuu.

"Lile tangi," mzee akamwuliza, "amelijibu? Maana mimi huenda nilipitiwa na usingizi."

"Hakulitaja, babu."

Mzee akasogeza kiti kimoja karibu na chake, akakifuta vumbi kwa kiganja. "Basi kaa, mjukuu wangu, unisomee mimi."

Akakaa, akaikunjua karatasi iliyokwisha kulowa jasho, akamsomea taratibu huku watu wakipita wakigombea vivuli na soda. Mzee hakumwondolea macho. Alipofika mahali penye habari za maji, akamnyooshea kidole atulie kidogo, akauliza:

"Na hicho kisima, kipo mbali kiasi gani?"

Siku ile nzima, lilikuwa swali la kwanza kuulizwa juu ya maji.